Donge la Theluji

Tarehe 26 Februari 2015, mjini Washington, seneta James Inhofe aliingia katika Senati ya Marekani akichukua donge la theluji. Alitaka kuwaonyesha wenzake kwamba habari za dunia kuzidi joto hazina msingi, maana nje palikuwa na baridi kali. Kisha akalitupa.

Je, donge lile lathibitisha nini?
Lathibitisha baridi ya siku ile katika mji ule, basi. Mtu aonaye kikapu kimoja kitupu hawezi kusema nchi nzima imekosa mavuno. Wataalamu walikuwa wamelinganisha vipimo vya bara na bahari tangu mwaka 1880, wakaona 2014 umeishinda miaka yote kwa joto. Nao 2015 ukaushinda 2014.

Joto hilo latoka wapi?
Makaa ya mawe na mafuta yakichomwa hutoa hewa ya kaboni, nayo huzuia joto la nchi lisipande juu upesi. John Tyndall alionyesha nguvu ya hewa hiyo huko London mwaka 1859. Wala hakuwa na ugomvi na seneta yeyote.

Je, theluji yaweza kushuhudia?
Yaweza, ikipimwa miaka mingi. Barafu ya Ruwenzori, mpakani mwa Kongo na Uganda, ilienea kilomita za mraba 6.5 hivi mwaka 1906. Mwaka 2003 haikufika hata 1.