Programu Huria na Soko Finyu: Mfano wa Kihakiki Tahajia cha Kiswahili

Katika mjadala wa programu za tarakilishi, Kiswahili kina neema ambayo Kiingereza hakina. Kiingereza hutumia neno moja kwa kitu kisicholipiwa na kwa kitu kisichofungwa, ilhali Kiswahili hutenga bure na huria. Programu huria ni ile ambayo msimbo wake, yaani maagizo aliyoyaandika mtunzi, uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuurekebisha na kuusambaza. Aghalabu hupatikana bure pia, lakini hiyo si sifa yake ya msingi. Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU mwaka 1983, naye Linus Torvalds akatoa kiini cha Linux mwaka 1991. Iwapo njia hii imefaulu kiasi hicho, mbona watunzi wa programu za watu wachache, kama vile madaktari wa meno au wanaleksikografia, huifuata kwa nadra?

Jibu lililozoeleka ni uchoyo, nalo halitoshi. Linux ilistawi kwa kuwa walioitumia mwanzoni walikuwa wenyewe watunzi wa programu. Aliyeona kasoro aliweza kuirekebisha na kuwarudishia wenzake alichokirekebisha. Daktari wa meno akiona kasoro hupiga simu. Kumfungulia msimbo hakumwongezei mtunzi msaidizi hata mmoja, bali huenda kukampa mshindani. Kuhusu riziki, kampuni ya Red Hat ilitegemea malipo ya huduma kutoka kwa wateja wengi, hata IBM ikainunua mwaka 2019 kwa takriban dola bilioni 34. Mwenye wateja 200 hawezi kutegemea huduma hivyo. Gharama za miaka ya utunzi hana budi kuzirejesha katika bei ya kila nakala.

Hali hii hudhihirika zaidi katika kihakiki tahajia cha Kiswahili. Kwa Kiingereza, orodha ndefu ya maneno hufika mbali. Kwa Kiswahili, kitenzi pika kikipewa viambishi 6 vya nafsi, njeo 4 na viambishi 6 vya yambwa, huzaa maumbo 144. Hata yakiondolewa yasiyotumika, zaidi ya 100 husalia. Hapo bado hazijaguswa ngeli nyingine, ukanushi, urejeshi wala minyambuliko. Umbo kama atakapowapikia haliwezi kungojewa katika orodha. Sharti programu ijue kulichanganua. Kazi hiyo humtaka mtu aliyebobea katika mofolojia na aijuaye tarakilishi pia, na watu wa namna hiyo ni adimu. Arvi Hurskainen alianza kujenga mfumo wa SALAMA katika Chuo Kikuu cha Helsinki mwaka 1985, na uliendelea kukuzwa kwa miongo kadhaa. Asiye na mshahara wa chuo angeishije muda huo wote akigawa kazi yake?

Yapo mafanikio yanayoelekea kupinga hoja hii. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi kwa Kiswahili. Hata hivyo, gharama kubwa ya utunzi ilikuwa imekwisha kubebwa kwingine: Sun Microsystems ilikuwa imefungua msimbo wa OpenOffice mwaka 2000, na watumiaji wake walienea ulimwenguni. Soko finyu lilichangia istilahi na tafsiri, kazi ambayo, kwa hakika, wanafunzi wa Kiswahili wanaiweza kuliko wahandisi. Lakini tafsiri ya programu hufungamana na toleo lake. LibreOffice ilipochipuka kutoka OpenOffice mwaka 2010, ilianza njia yake yenyewe, na kila menyu inayoongezwa huleta maneno mapya yanayomsubiri mtu wa kuyatafsiri, awe analipwa au halipwi.