Mlima Meru na Maji Tunayokunywa

Ukiwa Sombetini asubuhi ambayo haina mawingu, utazame Mlima Meru. Urefu wake ni mita 4,562 hivi. Katika Tanzania ni mlima wa pili kwa urefu, baada ya Kilimanjaro. Je, mlima huu ulitoka wapi? Na una uhusiano gani na maji yaliyo katika ndoo yako?

Mlima ulivyojengeka

Chini sana ya ardhi kuna joto kali. Mahali pengine joto hilo huyeyusha miamba. Katika sehemu zetu ardhi inavutwa pande mbili, polepole sana. Ndiyo sababu likatokea Bonde la Ufa. Ardhi ikivutwa hupata nyufa, na mwamba ulioyeyuka hupanda kupitia nyufa hizo.

Ndani ya mwamba huo mna gesi. Fikiri juu ya chupa ya soda. Ukiitikisa kisha ukaifungua, soda huruka kwa nguvu ya gesi. Volkano hulipuka kwa namna hiyo. Hurusha mawe na majivu. Pengine hutoa zaha, yaani mwamba ulioyeyuka unaotiririka kama uji. Vitu hivi hupoa na kurundikana. Ndivyo Mlima Meru ulivyokua, mlipuko baada ya mlipuko.

Miaka elfu nyingi iliyopita, upande wa mashariki wa mlima ulibomoka. Kifusi kilienea mbali. Maziwa ya Momella yamo katika mabonde madogo ya kifusi hicho.

Mlima Meru haujafa, umelala. Mwaka 1910 ulitoa majivu kidogo. Jirani yake, Oldoinyo Lengai, ulilipuka mwaka 1966, na tena mwaka 2007.

Faida na hasara

Mawe na majivu ya volkano husagika kwa mvua na jua. Baada ya miaka mingi huwa udongo wenye rutuba. Ndiyo sababu migomba na kahawa hustawi sana katika miteremko ya Meru.

Lakini miamba hiyo hiyo ina madini yaitwayo floraidi. Maji yakipita ndani ya miamba huyayeyusha na kuyachukua. Floraidi kidogo huimarisha meno. Ikizidi huleta madhara. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji. Baadhi ya chemchemi na visima vya Arusha vina zaidi ya hapo.

Umewahi kuona vijana wenye meno ya rangi ya kahawia? Watu husema, "Hawapigi mswaki." Sivyo. Waliharibika meno wakiwa wadogo, wakati meno yao yalipokuwa yakijengeka ndani ya ufizi. Mtu akinywa floraidi nyingi kwa miaka mingi, hata mifupa huuma na kukakamaa. Mtoto anaweza kupinda miguu.

Tufanye nini?

1. Tuulize kamati ya maji au ofisi ya maji: chanzo chetu kimepimwa floraidi? Huwezi kuijua kwa kuonja wala kwa kutazama.

2. Tukinge maji ya mvua katika chombo safi chenye kifuniko. Maji ya mvua yana floraidi kidogo sana. Tuwape watoto kwanza.

3. Tuchemshe maji ili kuua vijidudu. Lakini tukumbuke kwamba kuchemsha hakuondoi floraidi.

4. Tupunguze magadi katika makande na maharage. Magadi pia yana floraidi.

5. Tutumie chujio la mkaa wa mifupa likipatikana. Wataalamu wa kituo cha Ngurdoto wameshughulika na chujio hili kwa miaka mingi. Usichome mifupa mwenyewe, kwani isipochomwa sawasawa huharibu maji.

Hatuwezi kuuhamisha mlima. Jino lililokwisha kuharibika halirudi. Lakini mtoto anayezaliwa mwaka huu bado tunaweza kumkinga.

Maswali

1. Kwa nini volkano hulipuka?
2. Mlima Meru umetupa faida gani?
3. Kwa nini kuchemsha maji peke yake hakutoshi?
4. Zungumzeni darasani: maji ya nyumbani kwako yanatoka wapi, na nani atakwenda kuuliza kama yamepimwa?