Kadi ya bima unayo, je dawa utaipata?



Safu hii imezoea kuzungumzia maradhi na usafi: maji ya kunywa, vyoo, malaria, kisukari. Leo tunazungumzia kinachotokea baada ya mgonjwa kupimwa na kuandikiwa dawa, yaani nani anailipia dawa hiyo. Wagonjwa wengi wa mkoa wetu wa Singida wanafika kwa tabibu, wanaelezwa ugonjwa wao vizuri, kisha wanakwama dirisha la dawa.

Wengi wetu hudhani kwamba bima ni bima, na kwamba mwenye kadi keshamaliza. Sivyo. Chukua mfano wa watu wawili wenye shinikizo la damu, mmoja mwalimu wa sekondari, mwingine mkulima wa alizeti. Wamefika kituo kimoja cha afya, wameandikiwa dawa ileile ya amlodipini, na dirishani wameambiwa imeisha. Mwalimu ni mwanachama wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF. Utaratibu uliozoeleka kwa miaka mingi ni kujaziwa fomu 2C, akaenda nayo famasi iliyosajiliwa na Mfuko na kuchukua dawa bila kutoa fedha. Mkulima ana kadi ya Mfuko wa Afya ya Jamii, CHF. Yeye huandikiwa jina la dawa kwenye karatasi na kuambiwa, "Mzee, hii kanunue." Kadi yake haina nguvu kwenye famasi ya nje.

Msomaji asikimbilie kumlaumu mfamasia. Tufanye hesabu kwanza.

NHIF iliundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi mwaka 2001 kwa watumishi wa umma. Mchango wake ni asilimia 6 ya mshahara, nusu anakatwa mtumishi na nusu anatoa mwajiri. Mwenye mshahara wa shilingi 600,000 anachangiwa jumla ya 36,000 kwa mwezi, sawa na 432,000 kwa mwaka, kwa ajili yake, mwenza wake na wategemezi wasiozidi wanne. CHF nayo ilianza kwa majaribio jirani zetu Igunga mwaka 1996, Singida Vijijini ikawa miongoni mwa wilaya za mwanzo kufuata, na sheria yake ikapitishwa mwaka 2001. Ilipoboreshwa mwaka 2018, kaya ya watu sita huku mikoani ilichangia shilingi 30,000 kwa mwaka. Gawanya kwa sita: 5,000 kwa kila mtu, kwa mwaka mzima, hapo ndani kuna kumwona daktari, vipimo, kulazwa na dawa. Hata ukiongeza fedha za serikali za "tele kwa tele", chungu hicho bado ni kidogo. Kaya ya mwalimu imechangiwa zaidi ya mara 14 ya kaya ya mkulima. Mfuko wenye fedha hizo hauwezi kulipa famasi ya mjini kila bohari ya kituo inapokauka.

Lipo na kundi la tatu, la wenye bima za kampuni binafsi kama Jubilee na Strategis. Hao aghalabu ni waajiriwa wa kampuni na mashirika, na mwajiri ndiye mlipaji. Serikali ilipopeleka bungeni muswada wa bima ya afya kwa wote mwaka 2022, ilielezwa kuwa Watanzania wenye bima ya aina yoyote walikuwa takribani asilimia 15, na wa kampuni binafsi kama mmoja katika kila mia. Kwa hiyo mwenye kipato kikubwa ndiye anayelipiwa dawa zake, na mwenye kipato kidogo ndiye anayeingiza mkono mfukoni. Kwa maoni yangu mambo yamekaa kichwa chini miguu juu.

Tena kuna suala la majira. Mtumishi anakatwa kila mwezi kabla hata hajaiona fedha. Mkulima wa kwetu ana msimu mmoja wa mvua. Fedha ya alizeti na dengu inaingia baada ya mavuno, na ikifika Januari au Februari ghala liko tupu, watu wanauza kuku mmoja mmoja ili wale. Dawa ya shinikizo la damu inahitajika kila siku, Februari kama Julai.

Hapo ndipo madhara yanapoanza. Niliwahi kumhudumia bibi mmoja ambaye vipimo vyake vilikuwa vikipanda kila nikimwona, ingawa aliapa anameza dawa. Nilipomwomba anioneshe pakiti, vidonge vilikuwa vimekatwa nusu kwa nusu. "Nazibana, mwanangu, zifike mavuno," aliniambia. Hakuwa mkaidi wala mjinga. Alikuwa akifanya bajeti.

Ieleweke kuwa shinikizo la damu kwa kawaida haliumi. Ukipunguza dozi bila kushauriwa utaamka asubuhi ukiwa mzima kabisa, udhani umefanya vyema, na huku ndani mishipa ya ubongo, moyo na figo inaharibika kidogo kidogo mpaka siku ya kiharusi. Mwenye kisukari anayeruka metformini naye ni hivyo hivyo. Ama dawa za kuua vijidudu, kununua nusu dozi kwa sababu fedha haitoshi kunaweza kuacha vijidudu vikiwa vimezoea dawa, na kesho mwanao ataumwa ugonjwa ambao dawa ile ya bei nafuu haiutibu tena.

Sasa ufanye nini?

La kwanza, mwambie tabibu hali yako ya fedha kabla hajaandika. Watu huona haya, hasa wanaume. Mara nyingi zipo dawa mbili au tatu za kazi moja zenye bei tofauti, na dawa ileile ikiuzwa kwa jina lake la asili huwa nafuu kuliko yenye jina la kampuni. Omba uandikiwe jina la asili. Ukifika duka la dawa muhimu, ukaambiwa "hii ya nje ndiyo inatibu", onesha karatasi yako na usibabaike. Na kama dawa imekushinda bei, rudi kituoni ubadilishiwe. Usikate vidonge.

Kijana uliyeajiriwa, nafasi za wategemezi wako NHIF umezijaza? Utaratibu unaruhusu kumwandikisha mzazi wako au mzazi wa mwenza wako ndani ya wale wanne. Wapo walimu na wauguzi ambao mama zao wanauza kuku kununua dawa, na nafasi kwenye kadi ziko wazi. Kuandikisha ni halali na ni haki yako. Kumwazima mtu kadi isiyo yake ni udanganyifu, na pia ni hatari, kwa kuwa kumbukumbu zitaonesha unatumia dawa usizozitumia.

Msomaji wa gazeti hili huuliza pia kama bima inafaa kisheria. Mimi ni tabibu, fatwa ni ya masheikh. Ninachoweza kusema ni kwamba Jopo la Kimataifa la Fiqh lililokutana Jeddah mwaka 1985 lilitenganisha: bima ya kibiashara ya malipo maalumu lilikataa, bima ya kusaidiana, ambayo watu wanachangiana bila kutafuta faida, lilikubali. Mfuko wa jamii wa kuchangia matibabu uko karibu zaidi na hili la pili. Muulize sheikh wako kwa undani, ila usiache kuuliza ukabaki bila kadi wala jibu.

Kamati za misikiti nazo zina nafasi. Baada ya mavuno, sadaka ya Ijumaa chache inaweza kulipia kadi za wajane na mayatima wa mtaa, ikalipwa kituoni kwa stakabadhi.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa mwaka 2023 inamtaka kila mkazi awe na bima, na imeweka mfuko wa kuwagharamia wasio na uwezo, vyanzo vyake vikiwemo kodi za soda na vipodozi (vileo na michezo ya kubahatisha navyo vimo, msomaji akune kichwa). Fika kwa mtendaji wa kijiji uulize kiwango cha kaya yako, na uliza swali hili bila kusahau: dawa ikikosekana kituoni, kadi hii inanipeleka duka gani? Ukiwa huna uwezo kabisa, omba jina lako liingizwe kwenye orodha ya kaya masikini kabla hujaugua.

Mwisho, wapo wasiopaswa kulipa. Dawa za kifua kikuu, ukoma na VVU ni bure. Sera inasamehe pia wajawazito, watoto chini ya miaka mitano, na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Mzee anahitaji kitambulisho cha matibabu, kinachopatikana halmashauri kupitia serikali ya kijiji. Aende nacho kila anapokwenda kituoni, pamoja na daftari lake la kliniki na pakiti ya dawa anazotumia, hata kama imebaki tupu, ili tabibu asome jina la dawa.