Kipi Kiingie, Kipi Kibaki Nje: Mafunzo Niliyopata Nikiandaa Linux kwa Shule za Garissa

Kwa miaka kadhaa sasa, mimi na wenzangu wachache mjini Garissa tumekuwa tukiandaa flashi yenye mfumo endeshi huria kwa maabara za kompyuta za shule za sekondari. Msingi wetu ni Debian, mfumo wa Linux ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993 na ambao hadi leo unatunzwa na watu wa kujitolea duniani kote. Debian ina makumi ya maelfu ya vifurushi vya programu. Ina pia chombo kiitwacho live-build: unaandika orodha ya vifurushi unavyovitaka, nacho kinakuundia toleo lako. Orodha yenyewe ni faili ya maandishi tu, jina moja kila mstari, na mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuiandika. Kigumu ni kukubaliana kipi kiingie. Haya ndiyo niliyojifunza.

1. Anza na mtihani, programu zije baadaye

Mwalimu wa kompyuta hupimwa kwa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, na karatasi ya pili ya somo hilo, 451/2, hufanywa kwa vitendo. Maagizo yake humtaka mtahiniwa aandike jina na toleo la programu aliyotumia katika kila swali, achapishe kazi yake, kisha aikabidhi pamoja na CD au kifaa kingine alichoihifadhia. Agizo la jina na toleo liliamua mengi kwetu, maana halimfungi mtahiniwa kwa programu moja. Anayetumia LibreOffice, programu huria ya ofisi, anaiandika, na kazi inaendelea.

Ila mtihani huohuo una madai yake. Maswali ya hifadhidata ni ya kawaida, ilhali Ubuntu, kwa mfano, mfumo uliojengwa juu ya Debian, huleta LibreOffice bila Base, ile sehemu inayoshughulikia hifadhidata. Kwa hiyo Base iliingia kwenye orodha yetu pamoja na Java inayoihitaji. Scribus iliingia kwa ajili ya kupanga kurasa za mabango na majarida. Xfburn iliingia kwa sababu ya ile CD, na viendeshi vya printa vikaingia kwa sababu karatasi isipotoka hakuna cha kukabidhi. Vitu vinne, na hakuna hata kimoja ambacho kijana angekionyesha wenzake kwa fahari. Bado, vingelazimika kubaki hata kama tungeambiwa tufute nusu ya orodha.

2. Mashine iliyopo ndiyo yenye neno la mwisho

Kompyuta nyingi za shule zetu zimewahi kutumika kwingine. Shirika la Computers for Schools Kenya, lililoanzishwa mwaka 2002, ni miongoni mwa waliozoesha shule za nchi hii mashine zilizokarabatiwa, na nyingine huletwa na wahisani au waliosoma hapo zamani. Ukifungua kasha unakuta gigabaiti 2 za RAM, vumbi la kahawia kwenye feni, na betri ndogo ya ubao mama iliyokufa zamani.

Kwa RAM hiyo tuliacha mazingira ya eneokazi ya GNOME tukachukua Xfce, ambayo haina mapambo mengi lakini haigandi mwalimu akifungua lahajedwali mbele ya darasa. Suala la biti 32 nalo halikwepeki: Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha mashine hizo, kwa hiyo zile kongwe zimebaki na Debian 12. Kuhusu betri iliyokufa, kila umeme ukikatika saa inarudi miaka mingi nyuma. Kivinjari kinakataa tovuti kikidai vyeti vyake bado havijaanza kufanya kazi, na faili za wanafunzi zinapata tarehe za kabla wao hawajazaliwa. Tukaweka kifurushi kidogo kiitwacho fake-hwclock, ambacho huhifadhi saa ya mwisho na kuirejesha mashine ikiwashwa. Saa haiwi sahihi kabisa, ila angalau hairudi enzi za kale.

3. Chukulia kwamba intaneti haipo

Novemba 2023 mafuriko ya Mto Tana yalikata barabara kati ya Garissa na Madogo, watu wakavushwa kwa mashua. Katika kaunti za Garissa, Wajir na Mandera, minara ya simu imewahi kulipuliwa na wanamgambo, na eneo zima likakaa bila mawasiliano. Hata siku za amani, bando la shule ni la kupimwa. Ukimwambia mwalimu wa Hulugho au Balambala kwamba kifurushi fulani atakipakua baadaye, umemwambia kwamba hatakipata.

Kwa hiyo kila kitu kinachohitajika siku ya kwanza kimo ndani ya flashi, na masasisho ya kujiendesha yamezimwa ili yasile bando kimyakimya. Kwa usomaji tumeweka Kiwix, programu ya kusoma tovuti bila intaneti, na Wikipedia ya Kiswahili, ambayo ilianza mwaka 2003 na inaenea bila shida. Wikipedia ya Kiingereza yenye picha zote inapita gigabaiti 90, kwa hiyo tunaibeba kwenye diski ya nje na kuipakia kwenye mashine moja tu, ambayo nyingine zinaisoma kupitia waya wa maabara.

4. Msimamo ni mzuri, lakini kadi ya waifai lazima ifanye kazi

Watu wa programu huria wana ugomvi wa miaka mingi kuhusu programu dhibiti, zile faili ndogo ambazo kadi za waifai na za picha huzihitaji ili ziamke. Nyingi zimefungwa na kampuni zilizozitengeneza, na kwa muda mrefu Debian ilizitenga na kisakinishi chake rasmi. Oktoba 2022 wanachama wake walipiga kura wakakubali ziwemo, na Debian 12 ya Juni 2023 ikatoka nazo.

Naheshimu waliopinga, kwa maana hoja yao ni ya kweli: faili usiyoweza kuikagua si huru. Lakini kisakinishi kisichoiona kadi ya mtandao humrudisha mwalimu kwenye nakala ya wizi ya Windows ambayo fundi wa mjini anayo mfukoni, na hapo uhuru umepotea wote. Tunaziweka, na kwenye karatasi ya maelezo tunazitaja waziwazi kwamba hizi ndizo sehemu zisizo huru.

5. Nafasi ikiwa kubwa, jiwekee mpaka

Ubuntu ilipoanza Oktoba 2004 ilibanwa na CD moja ya megabaiti 700. Ubanaji huo uliwafunza watu kuchagua. Toleo la 10.04 la mwaka 2010 liliiondoa GIMP, programu ya kuhariri picha, kwenye usakinishaji wa kawaida, licha ya sifa zake zote, kwa hoja kwamba mtumiaji wa kawaida haihitaji na inakula nafasi. Wapenzi wa GIMP walilalamika sana, lakini yeyote aliyeitaka aliweza kuipakua. Miaka miwili baadaye, toleo la 12.10 likaivuka CD na kufika megabaiti 800.

Leo flashi ya gigabaiti 32 inauzwa kila duka la simu sokoni, na hakuna kinachokulazimisha kukata. Hapo ndipo orodha huota matawi. Kila mtu ana programu moja aipendayo, na kila moja ukiitazama peke yake haina ubaya. Mwalimu mmoja alinipigia: "Maalim, tuwekee na ya kuhariri video." Nikamuuliza ni mashine gani kwake itaiendesha. Akacheka, akasema, "Basi iache." Sasa tuna kanuni: menyu nzima ionekane kwenye skrini bila kuvuta chini. Kikiingia kipya, kimoja kitoke.

6. Lugha isiachwe mpaka mwisho

Mwanafunzi wa Garissa huzungumza Kisomali nyumbani, huandika insha kwa Kiswahili na Kiingereza, na katika somo la dini ya Kiislamu hukutana na aya za Kiarabu. Mfumo wenye kamusi ya Kiingereza peke yake humpigia mstari mwekundu chini ya jina lake mwenyewe, la baba yake na la kijiji chao. Kwa hiyo kamusi ya tahajia ya Kiswahili imo, pamoja na kibodi ya Kiarabu na fonti ya Amiri, ambayo huandika herufi zenye irabu bila kuzigonganisha.

Tunarithi kazi ya waliotangulia. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Hata hivyo menyu zetu tumeziacha kwa Kiingereza, maana mtihani na vitabu vya somo hilo viko kwa Kiingereza. Kiswahili tumekiweka kwenye karatasi ya maelezo na kwenye kamusi, mahali ambapo kinasaidia bila kumchanganya mtahiniwa.

7. Kila mstari uwe na mwenyewe

Hili naliona kubwa kuliko mengine yote. Kwenye faili yetu, kando ya kila kifurushi tumeandika mambo mawili: aliyekiomba, na atakayekijaribu kabla hatujatoa toleo. Kifurushi kisicho na jina la pili kinafutwa, hata kiwe kizuri namna gani.

Sababu ni kwamba ahadi ni deni. Ukiweka programu kwenye menyu, umemwahidi mtu kwamba itafunguka. Na katika kaunti hizi walimu huhama sana. Baada ya mashambulizi ya Kamuthe Januari 2020, ambapo walimu watatu waliuawa, tume ya kuajiri walimu, TSC, iliwahamisha walimu wengi wasio wenyeji. Aliyeomba kifurushi leo huenda mwaka ujao asiwepo, na kijana aliyebaki na ufunguo wa maabara atakutafuta wewe. Kama huwezi kumjibu, usikiweke.

8. Funga orodha mapema na usiifungue

Debian huwa na kipindi cha kugandisha toleo: hakuna kipya kinachoingia, makosa tu ndiyo yanarekebishwa, na linatoka likiwa tayari. Sisi tunafuata kalenda ya shule. Orodha inafungwa Novemba, Desemba inatumika kujaribu kwenye mashine mbovu kuliko zote, na flashi zinasafiri kwa basi kabla ya Januari. Ombi lililochelewa, liwe la mwalimu mkuu au la ofisa wa elimu, linaandikwa kwenye orodha ya mwaka ujao. Wengi hukasirika siku hiyo na kushukuru muhula wa tatu, pale mashine zote za maabara zinapokuwa na kitu kilekile.

9. Soma leseni kabla ya kugawa

GPL, leseni ya programu nyingi huria, inakuruhusu kunakili na kugawa upendavyo, ila inakutaka umpe mpokeaji njia ya kupata msimbo chanzo. Tunahifadhi diski ya msimbo wa kila toleo, na anayeitaka hupewa. Jina nalo lina masharti: ukibadilisha Ubuntu huwezi kuigawa kwa jina hilo bila ruhusa. Ita yako jina lako, na useme imetokana na nini.

Kama una maabara ya shule mkononi, iwe Masalani, Dadaab au Wajir, usianze kwa kuomba kompyuta mpya. Chukua karatasi, andika programu zilizomo kwenye mashine ulizo nazo, na kando ya kila moja andika nani aliitumia muhula uliopita. Zisizo na jina ziondoe. Kisha waulize wanafunzi wamekosa nini, na uanzie hapo.