Kuitambua Monomia na Polinomia

Wanachuo wawili walikuwa wakisahihishiana madaftari ya aljebra. Mmoja aliandika kuwa 7x² ni polinomia. Mwenzake akamtia alama ya kosa. Aliyekosea ni msahihishaji, maana monomia ni polinomia yenye sehemu moja tu. Kosa hilo likifika darasani, litarithiwa na watoto wengi.

Mwalimu na azishike hatua tatu.

Kwanza, atazame vipeo na asili. Kipeo cha herufi sharti kiwe namba nzima: 0, 1, 2 na kuendelea, wala herufi isibaki kwenye asili. Hivyo x/4 ni monomia, kwani ni robo ya x. Lakini 4/x si monomia wala polinomia.

Pili, afungue mabano na kukusanya sehemu zinazofanana. 2(x + 3) huonekana kuwa kitu kimoja, kumbe ni 2x + 6. Kinyume chake, 4x + 3x huonekana kuwa viwili, kumbe ni 7x.

Tatu, ahesabu sehemu zilizotengwa na alama za kujumlisha au kutoa. Kuzidisha hakutengi: 5ab ni sehemu moja, bali 5a + b ni mbili.

Mwanachuo aiandike mitajo hii ubaoni, wenzake waipange katika mafungu, kila mmoja akitoa sababu. Na kabla ya kutia alama ya kosa, kwanza aisikilize sababu hiyo.