Somo kwa Vijana: Kujitayarisha Kabla ya Kutumwa

Soma 1 Timotheo 4:12–16.

Vijana wapendwa, Paulo anamtaka Timotheo awe kielelezo kwa waumini. Tena anamwagiza afanye bidii kusoma na kufundisha. Mambo hayo huenda pamoja.

Tumwangalie Bernard Mizeki, mzaliwa wa Msumbiji. Huko Cape Town alifanya kazi mchana, akasoma shule ya usiku, akabatizwa mwaka 1886. Mwaka 1891 alifuatana na Askofu Knight-Bruce kwenda Mashonaland, katika Zimbabwe ya leo. Alikaa karibu na mji wa Chifu Mangwende, akajifunza Kishona, akalima bustani, akafundisha watoto. Vita vya mwaka 1896 vilipozuka alionywa akimbie. Akakataa kuwaacha watu wake, akauawa usiku wa tarehe 18 Juni.

Ujasiri ule ulikuzwa kwa miaka mingi ya daftari, jembe na sala. Basi, kijana atakaye kuhubiri ugenini bila kujua hata salamu za wenyeji, atasema na nani?

Maswali ya kujadiliana:
1. Utajifunza lugha ya jirani yupi mwaka huu?
2. Utakwenda na kazi gani ya mikono?