Kabla Mafuta Hayajamwagika: Mafunzo Saba Niliyopata Maabara na Matopeni

Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimeipitisha nikifundisha kemia katika Chuo cha Walinzi wa Pwani wa Marekani, kilichoko New London, Connecticut, kando ya mto Thames. Wanafunzi wangu walivaa sare na kuingia darasani wakitokea gwarideni. Mimi sikuwa askari. Nilikuwa mwalimu raia, mzaliwa wa Tanga, na utafiti wangu ulihusu mafuta yanayomwagika baharini: yametoka wapi, yanageuka kuwa nini, na yanakaa muda gani.

Nchini Marekani, mafuta yakimwagika katika maji ya pwani, anayesimamia kazi ya kuyadhibiti kwa niaba ya serikali ni afisa wa Walinzi wa Pwani. Kwa hiyo kijana ninayemfundisha leo tofauti ya dizeli na mafuta ghafi ndiye atakayesimama ufukweni kesho na kuamua. Kila mwaka niliingia darasani na swali moja: kijana huyu anatakiwa kujua nini kabla ya siku hiyo kufika? Mafunzo haya saba ndiyo jibu langu, na yote yanakutana mahali pamoja: bahari huokolewa na kazi iliyofanyika kabla ya ajali.

1. Kila mafuta yana nasaba yake

Mafuta ghafi ni mabaki ya viumbe wadogo waliozikwa chini ya mashapo mamilioni ya miaka iliyopita. Ndani yake mna maelfu ya aina za molekuli. Baadhi, kama zile za jamii ya hopani, zimetokana na utando wa seli za bakteria wa kale, na uwiano wake hutofautiana kati ya eneo moja la visima na jingine.

Ukiingiza tone dogo kwenye mashine ya kromatografia ya gesi, molekuli husafiri ndani ya bomba jembamba lenye urefu wa makumi ya mita, nyepesi zikitangulia na nzito zikifuata. Kwenye skrini huchoreka safu ya vilele. Dizeli mbichi huonyesha vilele virefu vilivyopangana kwa nafasi zinazolingana. Mafuta yaliyokaa muda mrefu baharini hupoteza vilele hivyo, kwa kuwa bakteria hula kwanza molekuli zilizonyooka, na kinachobaki ni nundu pana. Lakini hopani hazina haraka ya kuoza. Hata baada ya miaka, uwiano wake bado unaonyesha mafuta yalikotoka.

Nahodha anayemwaga maji ya ngama usiku hutegemea giza. Mkataba wa kimataifa wa MARPOL unaruhusu maji hayo yatoke melini yakiwa na mafuta yasiyozidi sehemu 15 kwa kila milioni, tena yakishapita kwenye mtambo wa kuyachuja. Anayevunja sheria hiyo anaacha nyuma yake maji yenye utando wa rangi rangi, na utando huo unaweza kulinganishwa na mafuta yaliyomo melini mwake. Kwa sababu hiyo nasema sheria ya bahari haina nguvu pasipo maabara.

2. Ushahidi huanzia kwenye chupa

Mashine ya bei kubwa haiwezi kurekebisha sampuli iliyochukuliwa ovyo. Maofisa wanafunzi niliwapeleka kwenye tope maji yakipwa, kila mmoja na chupa yake ya kioo. Plastiki haifai, maana hutoa kemikali zake na kuziingiza kwenye sampuli. Kifuniko kiwe na bitana ya teflon. Chupa isijazwe hadi juu, iwekwe gizani na kwenye baridi, ili mwanga na bakteria visiendelee kuyageuza mafuta yakiwa safarini.

Utando mwembamba juu ya maji haukamatiki kwa kuchota. Unashika kipande cha wavu laini wa teflon kwa koleo safi, unakiburuta taratibu juu ya uso wa maji, mafuta yananasa, kisha unakitumbukiza chupani. Unachukua pia wavu mwingine ambao haujagusa maji, ili maabara ithibitishe kwamba uchafu haukutoka kwenye wavu wenyewe. Halafu unaandika: mahali, saa, jina la aliyechukua, jina la aliyepokea. Kila mkono ulioigusa chupa lazima uwe na saini.

Vijana wengi waliiona kazi ya kuandika kuwa ndogo. Niliwaambia kwamba wakili wa mwenye meli hatabishana na hopani. Atatafuta ile saa moja ambayo chupa ilikaa kwenye gari bila mlinzi.

3. Mafuta hayasubiri kikao kiishe

Mafuta yakigusa maji tu, huanza kubadilika. Mepesi huwa mvuke kwa kiasi kikubwa katika siku ya kwanza. Mazito huchanganyikana na maji yakipigwa na mawimbi na kuwa rojo zito la kahawia ambalo zaidi ya nusu yake ni maji, kwa hiyo mzigo wa kuzoa unaweza kuwa mara tatu ya ule uliomwagika. Jua nalo huyageuza: baada ya mlipuko wa mtambo wa Deepwater Horizon katika Ghuba ya Mexico mwaka 2010, watafiti walionyesha kwamba mwanga hubadilisha mafuta yaliyoelea kiasi cha kudhoofisha kemikali za kuyatawanya.

Maana yake ni kwamba hatua iliyo sahihi leo asubuhi huenda isifae kesho jioni. Afisa anayeanza kuuliza wataalamu maswali ya msingi siku ya ajali ameshapoteza muda ambao mafuta hayatamrudishia.

Mwaka 1976, tarehe 15 Desemba, meli ya Argo Merchant ilipanda fungu karibu na kisiwa cha Nantucket, kusini mashariki mwa Massachusetts, ikiwa na takriban lita milioni 29 za mafuta mazito. Siku chache baadaye ilikatika. Upepo wa kaskazini magharibi uliyasukuma mafuta kuelekea bahari kuu, fukwe zikasalimika. Nilipenda kuifundisha ajali hiyo kwa sababu moja: kilichookoa fukwe ni upepo. Chuo kinachotoa maafisa hakiwezi kuweka upepo kwenye mpango wake.

4. Bidii isiyo na elimu huumiza

Meli ya mafuta ya Torrey Canyon ilipogonga miamba karibu na Cornwall, Uingereza, Machi 1967, ilikuwa na takriban tani 119,000 za mafuta ghafi. Watu walijitoa kwa moyo wote kusafisha, na takriban tani 10,000 za sabuni za viwandani zikamwagwa baharini na fukweni. Sabuni za wakati ule zilikuwa na sumu kali. Palipomiminwa, konokono wa miambani walikufa kwa wingi, na kwa kuwa wao ndio walaji wa mwani, miamba ikafunikwa na ukijani kwa miaka. Sehemu nyingine zilizopata mafuta bila sabuni zilipona mapema zaidi.

Somo hilo lilirudi kwa sura nyingine Alaska. Meli ya mafuta ya Exxon Valdez ilipanda mwamba wa Bligh tarehe 24 Machi 1989 na kumwaga takriban lita milioni 41. Fukwe zikaoshwa kwa maji ya moto yenye shinikizo kubwa. Mawe yalionekana safi, lakini viumbe waliokuwa wamenusurika mafuta walichemshwa au kung'olewa na maji hayo.

Afisa kijana atakuwa na mkuu wake kwenye simu, mwanasiasa nyuma yake na kamera mbele yake, wote wakitaka kuona kazi inafanyika. Nguvu ya kusema “hapa tusiguse” haitoki kwenye cheo. Inatoka kwenye kuelewa kinachotokea kati ya mafuta, jiwe na kiumbe anayeishi juu ya jiwe hilo.

5. Tope halisahau

Safari za Wild Harbor, kinamasi cha maji ya chumvi huko West Falmouth, Massachusetts, ndizo zilizonigusa kuliko zote. Tarehe 16 Septemba 1969, tishari lililoitwa Florida lilikwama karibu na hapo na kumwaga takriban lita 700,000 za mafuta ya jamii ya dizeli. Kwa viwango vya dunia hiyo ni ajali ndogo. Lakini ilitokea jirani na wanasayansi wa taasisi ya utafiti wa bahari ya Woods Hole. Howard Sanders alihesabu wanyama wa chini ya bahari, na Max Blumer akayafuata mafuta yenyewe kwa kromatografia. Kwa pamoja walivunja imani iliyokuwapo kwamba mafuta mepesi hutoweka haraka bila madhara ya kudumu.

Miaka 30 baadaye watafiti walirudi kwenye kinamasi kile, wakachimba na kuyakuta mafuta bado yamo, sentimita kadhaa chini ya uso. Kule chini hakuna oksijeni ya kutosha, na pasipo oksijeni bakteria hufanya kazi polepole mno.

Unapokata tope la mahali kama pale kwa bomba na kulilaza mezani, juu unaona mizizi na udongo wa kahawia wenye uhai. Ukishuka kidogo, rangi inakuwa nyeusi zaidi, na ukisogeza pua unasikia harufu ya kituo cha mafuta. Kaa wadogo wanaochimba mashimo katika tope hilo wameonekana wakichimba mashimo mafupi kuliko wenzao wa tope safi. Wakifikia tabaka lenye mafuta hugeuza njia au huacha kuchimba. Walikuwa vizazi vingi mbali na ajali yenyewe.

Anayetangaza kwamba ufukwe umepona aulizwe kwanza kama amechimba.

6. Hatari haiji na meli za mafuta peke yake

Bahari yetu ya Hindi ilipata funzo hilo Julai 2020, meli ya Wakashio ilipopanda miamba ya Pointe d'Esny, Mauritius. Ilikuwa meli ya mizigo, na mafuta yaliyovuja, takriban tani 1,000, yalikuwa ya injini zake yenyewe. Wakazi wa Mahébourg na vijiji vya jirani hawakusubiri kuitwa. Walishona vizuizi vya kuelea kwa majani ya miwa na kuvitandaza majini.

Mafuta yale yalikuwa ya aina mpya, yenye salfa kidogo, ambayo meli zilianza kuyatumia kwa wingi baada ya sheria ya kimataifa ya tarehe 1 Januari 2020. Aina hiyo ina michanganyiko mingi, na kila mchanganyiko una tabia yake majini. Kwa mtu wa taaluma yangu, huo ni wito wa kurudi maabara kila mafuta mapya yanapoingia sokoni. Na kila bandari yenye meli, hata isiyo na bomba wala ghala la mafuta, inahitaji mpango.

7. Kipimo cha kabla ndicho chenye thamani kuliko vyote

Sasa naandika nikiwa nimeielekea Tanga. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443, linaishia rasi ya Chongoleani. Mafuta ya Uganda yana nta nyingi. Yakipoa huganda, na ndiyo sababu bomba hilo limesanifiwa liweze kupashwa joto njia nzima. Maji ya bahari yetu hayafiki joto la kuyayeyusha hata wakati wa kaskazi. Mafuta hayo yakimwagika baharini, yatarajiwe kuwa mabonge na vipande vigumu. Kemikali za kutawanya hazifanyi kazi vizuri kwenye mafuta yaliyoganda, na pampu za kufyonza huziba. Zitahitajika nyavu, miiko mikubwa, mashua na watu waliofunzwa. Wakati wa kusi, upepo na mkondo huelekea kaskazini, kwa hiyo watu wa Vanga na pwani ya Kwale, upande wa Kenya, nao ni wadau, na mpango wa Tanzania bila Kenya utakuwa nusu mpango.

Mvuvi mmoja mzee wa huko aliniuliza jambo ambalo limebaki nami. “Mwalimu,” alisema, “yakimwagika, nani atatuamini kwamba hapa palikuwa na kaa?”

Swali lake ndilo kiini cha taaluma yangu yote. Katika ajali nyingi nilizozisoma, mabishano makali yamekuwa juu ya hali ya kabla: samaki walikuwa wangapi, tope lilikuwa safi kiasi gani, uchafu wa zamani ulikuwa upi. Pasipo kipimo, anayefidia hupunguza na aliyeumia hana la kuonyesha.

Kazi hiyo tunaweza kuifanya. Tuchukue tope kutoka kwenye mikoko ya Chongoleani na vijiji vya jirani, chaza kutoka kwenye mizizi, maji kutoka kwenye vijito, wakati wa kusi na wakati wa kaskazi, mwaka baada ya mwaka. Tuhesabu mashimo ya kaa kwenye maeneo yaliyopimwa. Tuhifadhi sampuli ya mafuta ya bomba lenyewe, ili nasaba yake ijulikane na mabonge ya lami yanayoletwa na meli zinazopita mbali yasichanganywe nayo. Nakala za matokeo zikae chuo kikuu, zikae serikalini, na zikae kwa viongozi wa wavuvi. Wanafunzi wa kemia wa sekondari za Tanga wanaweza kufundishwa kushika chupa na kuandika saa, kama nilivyowafundisha maofisa wanafunzi wa New London.

Kusafisha kunaweza kuanza siku ya ajali, na fidia inaweza kudaiwa baada yake. Kipimo cha kabla kina wakati mmoja tu, nao ndio huu.